Bob Quinn: Kamera Iliyoanza Kuzungumza na Jirani

Machi 17, 1979, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, watu wa Ayalandi walikaa mbele ya televisheni zao wakiwa na hamu ya kujiona. Hiyo ndiyo siku ambayo taifa lile hujipamba kijani, bendi zikapita barabarani, na kila mtu akajikumbusha kuwa anatoka kwenye kisiwa cha watakatifu na wanazuoni. RTÉ, televisheni ya taifa, ikawawekea filamu ya dakika 65, yote kwa Kiayalandi, lugha ambayo katiba ya mwaka 1937 inaitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi na ambayo wengi wa watazamaji waliisoma shuleni wakaiacha hukohuko.

Katika filamu hiyo hapakuwa na watakatifu. Kulikuwa na mzee anayepika gongo kwa siri kijijini, binti yake, na vibaraka wawili wanaomuuzia mali yake na kumuibia. Polisi wanakamata gongo, vibaraka wanaiiba kutoka mikononi mwa polisi, wanaiuza, wanakunywa fedha yote, halafu wanarudi kumsumbua mzee nyumbani kwake. Katika ulevi wao wanarusha viazi huku na huku kama watoto wanaochezea mawe. Viazi! Katika nchi ambayo kati ya mwaka 1845 na mwanzoni mwa miaka ya 1850 zao hilo liliharibika, watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine kama milioni moja wakapanda meli kukimbia. Kuchezea kiazi mbele ya watu wale ni kama kumwaga maji ya kunywa mbele ya mtu wa Turkana. Kelele zikaanza. Filamu imewatukana watu wa magharibi ya nchi, walisema wengine. Imeitukana lugha, walisema wengine.

Filamu hiyo ni *Poitín*, jina la gongo ya Ayalandi. Ilitengenezwa mwaka 1978 na inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa Kiayalandi. Aliyeiongoza ni Bob Quinn, mzaliwa wa Dublin, mwaka 1935. Ninapenda kumrejea kila mara mjadala wa “filamu huru” unapozuka, kwa sababu mjadala huo kwa kawaida huishia kwenye fedha: nani kalipa, kiasi gani, nani ana haki ya kukata mwisho wa filamu. Quinn anatulazimisha tuulize swali la kabla ya hilo. Unapowasha kamera, unamwambia nani kwanza?

Hakufika kwenye swali hilo kwa kusoma vitabu. Alikuwa mtu wa ndani. Televisheni ya Ayalandi ilianza kurusha matangazo mkesha wa mwaka mpya wa 1962, na Quinn ni miongoni mwa vijana walioingia humo katika miaka ile ya mwanzo, akapanda hadi kuwa mtayarishaji na mwongozaji wa vipindi. Mwaka 1969 akaondoka. Sababu yake aliieleza pamoja na wenzake wawili, Lelia Doolan na Jack Dowling, katika kitabu walichokitoa mwaka huohuo: shirika lililoundwa kuhudumia umma lilikuwa limegeuka duka la matangazo ya biashara, na wabunifu ndani yake wamekuwa makarani. Watu wengi huondoka kazini kwa hasira, wakatoa maneno makali, baada ya miezi sita wakawa na kampuni ya matangazo mjini. Quinn alifunga safari ya kuelekea magharibi, Connemara, akaweka makazi An Cheathrú Rua, kijiji cha mawe, upepo na bahari ya Atlantiki, ndani ya Gaeltacht, yaani maeneo ambayo Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani na ya ugomvi.

Alifika wakati mzuri. Mwaka 1969 vijana wa Gaeltacht walikuwa wameanzisha harakati za haki za kiraia, wamechoka kusifiwa kama hazina ya taifa huku vijiji vyao vikimwagika kuelekea Boston na London. Mwaka 1970 wakarusha redio yao bila kibali, Saor Raidió Chonamara. Serikali ikaona aibu, na mwaka 1972 redio rasmi ya Gaeltacht ikaanza. Televisheni ya Kiayalandi ilichukua muda zaidi, hadi Oktoba 31, 1996. Kazi ya Quinn inakaa katikati ya tarehe hizo mbili, katika ile miaka ishirini na kitu ambapo lugha ilikuwa na sauti hewani lakini haina picha yake.

Yeye, mkewe na marafiki wachache wakaunda kampuni waliyoiita Cinegael. Naomba tusimame hapa kidogo, maana wachambuzi wengi wanakimbilia filamu zake kubwa na kuipita Cinegael kama maelezo ya pembeni. Walipiga picha za video za maisha ya eneo lile, habari za jirani kwa jirani, na kuwaonyesha watu walewale waliopigwa picha. Wakawa na ukumbi mdogo wa sinema pale kijijini. Mwanawe, Robert Quinn, naye mwongozaji, alikuja kusimulia utoto wake katika mazingira hayo kwenye filamu ya hali halisi ya mwaka 2004, *Cinegael Paradiso*. Kwa mtu wa mjini, ukumbi wa kijijini ni kitu kidogo. Kwa mtengeneza filamu ni shule isiyo na huruma. Ukimwonyesha mvuvi picha ya mtumbwi uliofungwa kamba vibaya, atacheka ukumbi mzima usikie. Ukimwekea mwigizaji wa Dublin maneno ya Connemara mdomoni yakamshinda, bibi wa mstari wa mbele atamsahihisha kwa sauti. Quinn alijifunzia hapo, na ukitazama *Poitín* unaona matunda: hakuna mahali filamu inaposimama kumweleza mgeni jambo. Mtambo wa gongo haufafanuliwi. Mandhari hayajitangazi. Milima na maziwa yale ambayo Bodi ya Utalii ingeyaremba kwa machweo, yeye anayapiga picha yakiwa yamelowa, ya kijivu, kama yanavyoonekana na mtu anayetembea kwenda kufunga ng'ombe.

Kelele za mwaka 1979 zinaeleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka picha iliyokuwepo kabla yake. Magharibi ya Ayalandi ilikuwa imepigwa picha mara nyingi, karibu siku zote na wageni. Mwaka 1934 Robert Flaherty, Mmarekani, alitoa *Man of Aran*, filamu iliyowaonyesha watu wa visiwa vya Aran wakipambana na bahari na kuwinda papa wakubwa kwa chusa. Uwindaji huo ulikuwa umekwisha visiwani zamani, ikabidi wavuvi wafundishwe upya kwa ajili ya kamera, na “familia” ya kwenye filamu iliokotwa mtu mmoja mmoja kwa uzuri wa sura. Mwaka 1952 John Ford, mwongozaji wa Hollywood, akaja na Ayalandi ya rangi, kijani kibichi na nywele nyekundu, mwanamume karudi kutoka Marekani na kuoa. Wenyeji walikula posho, wakapiga picha na mastaa, na baada ya miaka wakaanza kuuza postikadi za sura hiyo. Mgeni alikuwa amewachorea uso, nao wameuvaa. Ndiyo maana Quinn alipowavua, waliomkasirikia zaidi hawakuwa wageni.

Lakini tusimpe sifa asizostahili. *Poitín* haikutengenezwa na wanakijiji peke yao kwa sarafu za mchango. Mswada wake, ulioandikwa na Colm Bairéad, ndio wa kwanza kupata tuzo ya mswada wa filamu ya Baraza la Sanaa la Ayalandi. Na mbele ya kamera waliwekwa vigogo watatu wa jukwaa: Cyril Cusack kama mzee, Donal McCann na Niall Tóibín kama vibaraka. Hawa ni watu ambao Dublin nzima ingekata tiketi kuwaona. Quinn akawatupa katikati ya wenyeji ambao hawajawahi kuigiza, na hapo ndipo ujanja wa filamu ulipo. Cusack ana macho ya mtu aliyekwishaona kila hila duniani. Wakati vibaraka wanabwabwaja na kutishia, yeye ananyamaza, anapima, na mwisho anawatega hadi ziwa linawameza. Hakuna hotuba. Hakuna muziki wa ushindi. Mzee anaendelea kuwa mzee.

Pale ninapomlaumu ni kwa binti. Msichana yule yupo katikati ya vitisho vyote, lakini filamu inamtumia kama mlango: kila mwanamume anampitia kwenda kwa mwingine. Quinn aliwavunjia wanaume wa magharibi sanamu yao ya ushujaa, sanamu ya mwanamke mvumilivu akaiacha ikisimama. Ni mwenzake wa kizazi kilekile, Pat Murphy, aliyeishughulikia sanamu hiyo katika filamu zake mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kizazi hicho kinahitaji sentensi chache. Kabla ya kuwapo kwa bodi ya filamu ya taifa, Ayalandi ilikuwa na studio, Ardmore, iliyofunguliwa mwaka 1958 karibu na mji wa Bray, lakini kazi zake kubwa zilikuwa za wageni waliokuja kukodi vibanda na mafundi. Bodi ilianza mwaka 1981, ikafungwa mwaka 1987 kwa kubana matumizi, ikafufuliwa mwaka 1993 chini ya waziri Michael D. Higgins, ambaye baadaye akawa rais. Katika mazingira hayo ya kufunguliwa na kufungiwa mlango, watu kama Quinn, Murphy, Joe Comerford, Cathal Black na Thaddeus O'Sullivan walitengeneza filamu chache, fupi, zenye makovu ya uhaba. Black alitengeneza filamu kuhusu shule za watawa na ukatili wake mwaka 1981, na televisheni ya taifa ikakaa nayo miaka kumi bila kuirusha. Huo ndio ulikuwa uhuru wenyewe: una ruhusa ya kusema, na sisi tuna ruhusa ya kutokufungulia kipaza sauti.

Rudi nyuma kidogo, mwaka 1975, kwenye filamu ambayo binafsi naiona ndiyo ya ujasiri mkubwa kuliko zote alizofanya. *Caoineadh Airt Uí Laoire* inatokana na mbolezi ya karne ya 18, moja ya mashairi makuu ya lugha ya Kiayalandi. Art Ó Laoghaire alikuwa afisa kijana aliyetumikia jeshi la wapanda farasi la Austria na Hungaria, akarudi nyumbani na farasi jike mzuri. Sheria za wakati ule zilimkataza Mkatoliki kumiliki farasi wa thamani inayozidi paundi tano. Bwana mmoja Mprotestanti mwenye madaraka, Abraham Morris, akamtaka amuuzie kwa bei hiyo. Art akakataa. Mwezi Mei mwaka 1773 akapigwa risasi na kuuawa. Farasi akarudi nyumbani peke yake, hatamu zinaburura na tandiko lina damu, na mkewe, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, akamrukia mgongoni akaenda hadi mahali maiti ilipolala. Shairi linasema aliinywa damu ile kwa viganja.

Mwongozaji wa kawaida angeshona mavazi ya karne ya 18, akaazima farasi, akawapanga waigizaji kwenye ukungu. Quinn alifanya kitu cha ajabu. Filamu yake inawaonyesha watu wa Gaeltacht wa leo, yaani wa miaka ya 1970, wakifanya mazoezi ya mchezo kuhusu Art, chini ya mwongozaji Mwingereza ambaye anawaamrisha kwa Kiingereza. Na Mwingereza huyo anaigizwa na John Arden, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza wa kweli. Art anaigizwa na Seán Bán Breathnach, kijana wa Connemara aliyekuja kuwa mtangazaji maarufu. Mazoezi yanaingia kwenye hadithi, hadithi inaingia kwenye mazoezi, nguo za kale zinakatiza mbele ya magari. Mwigizaji anabishana na mwongozaji, na hujui tena kama anayebisha ni kijana wa mwaka 1975 au afisa wa mwaka 1773 anayekataa kuuza farasi. Ugomvi ni uleule, kwa lugha ileile, na anayetaka kununua kwa bei yake yumo chumbani.

Nani alitoa fedha? Chama cha siasa: Official Sinn Féin, tawi la chama cha Sinn Féin lililoelekea mrengo wa kushoto baada ya mgawanyiko wa mwaka 1970. Hapa wapenzi wa neno “huru” hukohoa. Chama kimelipa, uhuru uko wapi? Mimi naona swali ni halali lakini jibu lipo kwenye skrini. Filamu ya chama ingekuwa na shujaa na adui waliosimama wazi. Hii ina kijana mkaidi, mwenye majivuno, ambaye mazoezi yanamuonyesha akipenda sura yake kwenye kioo kama anavyoipenda nchi. Walioagiza wakitarajia bango walipewa mabishano. Sijui waongozaji wangapi wa leo, wenye wafadhili wanaojiita wapenda sanaa, wangeweza kuwarudishia wafadhili wao kitu cha namna hiyo.

Mwaka 1987 ikaja filamu yenye jina la utani. *Budawanny* ni matamshi yaliyokokotwa ya maneno ya Kiayalandi yanayotaja, nikisema kwa heshima, uume wa mtawa. Inatokana na riwaya ya Pádraig Standún, mwandishi ambaye mwenyewe alikuwa padri, na ilipigwa picha katika kisiwa cha Clare. Padri anampokea mwanamke aliyeponea kufa majini, anamfanya mtunza nyumba, wanapendana, mwanamke anapata mimba. Padri anasimama altareni na kuwatangazia waumini kwamba muda si mrefu watakuwa na sababu ya kweli ya kumwita baba.

Quinn aliisimulia sehemu hiyo ya kisiwani kama filamu bubu, nyeusi na nyeupe, na maandishi kati ya picha. Huko nje, askofu anayelishughulikia jambo hilo anaonekana kwa rangi na anaongea. Wengine waliona ni ubahili uliovikwa kanzu ya sanaa. Sauti ni ghali, bubu ni nafuu. Huenda hesabu ilikuwemo. Lakini tazama kinachotokea. Wenye mamlaka wana sauti. Wenye mapenzi hawana. Kisiwa kizima kinajua na kisiwa kizima kimenyamaza, si kwa hofu peke yake, ila kwa ile hekima ya watu wa mahali padogo wanaojua kwamba jambo likishatamkwa litahitaji hukumu. Donal McCann anacheza padri kwa mabega na shingo. Anapomwangalia mwanamke anayepanda kilima na ndoo, unasoma ndoa nzima usoni mwake. Sioni maneno ambayo yangeongeza chochote pale.

Halafu mwaka 1992 maisha yakaiiga filamu. Eamonn Casey, askofu wa Galway, mhubiri mcheshi aliyependwa na televisheni, alijiuzulu baada ya kufichuka kuwa alizaa mtoto na Mmarekani Annie Murphy mwaka 1974. Galway ndio mji wa jirani wa Connemara. Quinn akaichukua *Budawanny*, akazibakiza picha za kisiwani, akatupa sehemu ya zamani ya askofu na kupiga nyingine mpya: McCann yuleyule, sasa amezeeka, sasa ni askofu, anamsimulia padri kijana yaliyompata. Filamu ikatoka katikati ya miaka ya 1990 kwa jina *The Bishop's Story*. Wahakiki wengi waliipokea vizuri kuliko ya kwanza. Mimi nabaki upande wa ile ya kwanza. Ya pili inaeleza. Askofu anatuambia alichohisi, na kila anapofungua mdomo anachukua kitu kutoka kwa yule padri kijana aliyekuwa anasema yote bila sauti. Kuna faida moja tu, na ni kubwa: uso wa McCann. Miaka saba au minane imepita kati ya picha na picha, hakuna aliyempaka unga wala kumchora makunyanzi. McCann alifariki mwaka 1999, na filamu mbili hizo zimekuwa kumbukumbu ya mtu akizeeka ndani ya kosa lilelile.

Kuna Quinn mwingine ambaye wasomi wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Katika miaka ya 1980 alitengeneza mfululizo wa vipindi vitatu, *Atlantean*, ulioonyeshwa mwaka 1984, kisha akauandikia kitabu mwaka 1986. Alianza na uimbaji wa sean-nós, maana yake mtindo wa kale: mwimbaji mmoja, bila ala, anaizungusha noti moja kwa mapambo ya koo hadi mgeni anadhani ameupoteza wimbo. Quinn aliusikia akajiuliza kwa nini unafanana na uimbaji wa Afrika Kaskazini kuliko ule wa Ulaya ya kati. Akafunga safari kuelekea Moroko, Tunisia, Misri. Hoja yake: watu wa Ayalandi wamefundishwa kujiita Waselti, kabila la bara, ilhali bahari iliyo mbele ya mlango wao ilikuwa barabara kuu ya Atlantiki iliyowaunganisha na Uhispania na pwani za Waberberi na Waarabu. Magharibi haikuwa mwisho wa Ulaya, ilikuwa kituo njiani.

Mtu wa pwani yetu hawezi kutazama sehemu ya vyombo bila kutabasamu. Quinn anauonyesha púcán, mashua ya Connemara, na kulilinganisha tanga lake na tanga la majahazi ya Kiarabu. Tanga la púcán linaning'inia kwenye foromali iliyoinama, na ukitaka kugeuza mwelekeo huna budi kulishusha na kulihamishia upande wa pili wa mlingoti, kazi inayotaka watu na maneno makali, kama tu nahodha wa Lamu anavyojua. Kufanana hakuthibitishi undugu. Upepo ni mwalimu mmoja na huwafundisha mabaharia wengi jibu lilelile. Lakini upo ushahidi mgumu kidogo unaofanya mtu asicheke haraka. Bruchi iliyopatikana Ballycottin, kusini mwa Ayalandi, ya karne ya tisa hivi, na ambayo sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ina jiwe la kioo lenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ambayo kwa muda mrefu yamesomwa kuwa Bismillahi.

Kama kazi ya kitaaluma, *Atlantean* ina mashimo. Quinn anaokota kufanana popote anapokuona, na hamwiti shahidi wa upande wa pili. Kama kazi ya mwongozaji, ni muendelezo halali wa yote aliyofanya. Alikuwa ameondoka Dublin akaenda magharibi, akaambiwa huko ni pembezoni. Akachukua ramani akaigeuza ili bahari iwe katikati, na ghafla Dublin ndiyo iliyo nyuma ya nyumba. Ucheshi wa vipindi hivyo, ambao wasomi huusahau, ni kwamba yeye mwenyewe anajitania njia nzima, Mzungu wa Atlantiki anayewauliza wazee wa Afrika Kaskazini kama wanautambua wimbo wa shangazi yake.

Mwaka 1995, miaka ishirini na sita baada ya kuikimbia RTÉ, aliteuliwa kuingia kwenye mamlaka inayoisimamia. Mtu angedhani uzee umemlainisha. Alitumia kiti chake kupinga matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wadogo, akashindwa, akagombana, na mwaka 2001 akatoa kitabu kingine cha malalamiko dhidi ya nyumba ileile. Hoja ya mwaka 1969 haikuwa imebadilika hata koma. Unaweza kumwita mbishi. Ila mtu aliyeona mapema kwamba televisheni itamgeuza mtoto kuwa mteja kabla hajajifunza kusoma, sina ujasiri wa kumwambia alikosea.

Leo filamu za Kiayalandi zina njia. Tangu mwaka 2017 TG4, kituo cha televisheni cha Kiayalandi, na bodi ya filamu wana mpango maalumu wa kuzigharamia, na *An Cailín Ciúin* ya mwaka 2022 ikawa filamu ya kwanza ya lugha hiyo kuingia kwenye orodha ya mwisho ya Oscar kwa filamu za kimataifa. Mwongozaji wake anaitwa Colm Bairéad, jina lilelile la aliyeandika *Poitín*. Ni watu wawili tofauti. Ni filamu nzuri, tulivu, iliyong'arishwa. Kila fremu yake inajua kwamba itatazamwa Los Angeles, na haina kosa kwa hilo.

*Poitín* nayo ilisafishwa mwaka 2007 na hifadhi ya filamu ya Ayalandi, na ikatungiwa muziki mpya. Mtunzi aliyechaguliwa ni Bill Whelan, mwenye muziki wa *Riverdance*, lile onyesho la ngoma lililoizungusha Ayalandi iliyopigwa pasi duniani kote. Muziki ni mzuri. Lakini naukumbuka ule wa kwanza, na zaidi ya muziki naikumbuka ile sehemu ambapo hapana muziki kabisa: makasia, maji, na mzee aliyesimama kando ya ziwa anasubiri sauti iishe.